Kuchagua kozi ya chuo: maswali ya waliomaliza kidato cha sita, na ya wazazi wao

Kila Julai, NECTA (Baraza la Mitihani) ikishatangaza matokeo, maswali huwa yaleyale. Hapa yamepangwa kuanzia yale ya msingi hadi yale ya hali za pekee. Majibu ni ya Tanzania, isipokuwa pale palipotajwa vinginevyo. Sifa za kozi na tarehe hubadilika, kwa hiyo soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka wako. Usitumie wa mwaka jana uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp.

## Kwanza tuelewane

Kwa nini jambo hili linanitesa hivi, wakati wenzangu wanaonekana wameshaamua?

Wengi wao hawajaamua. Wamepata tu jibu la kumpa shangazi anayeuliza. Ukisema "nataka udaktari" mazungumzo yanaisha na unapewa chai. Ukisema "bado sijajua" unakalishwa chini.

Uzito wenyewe unatoka sehemu tatu. Kuna muda: mtihani Mei, matokeo Julai, na dirisha la kwanza la maombi linafunguliwa siku hizohizo kwa wiki chache tu. Kuna fedha: katika nyumba nyingi anayekwenda chuo anakwenda kwa niaba ya wengi. Ng'ombe wameuzwa, dada amesubiri zamu yake, na hakuna anayelitaja hilo ila kila mtu analijua. Halafu kuna hukumu. Tangu kidato cha tatu tumezoeshwa kuamini kwamba wa sayansi ndio wenye akili na wa sanaa ndio waliobaki, na kozi ya chuo inasomwa kama cheti cha akili ya mtu.

Jiulize ni kipi kati ya hivyo kinachokubana, kwa sababu dawa hazifanani. Muda unatibiwa kwa kusoma mwongozo mapema. Fedha zinatibiwa kwa mazungumzo ya wazi nyumbani. Hukumu, kwa kweli, haina dawa zaidi ya kuizoea.

Je, kozi nitakayochagua ndiyo itaamua maisha yangu yote?

Kwa kozi chache, karibu ndiyo. Kwa kozi nyingi, hapana. Tofauti iko kwenye sheria.

Kuna kazi ambazo huwezi kuzifanya bila shahada au stashahada ya fani hiyohiyo na usajili wa chombo chake. Daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, mfamasia na Baraza la Famasi, mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Anayetaka kuwa wakili akimaliza shahada ya sheria bado ana Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School) mbele yake. Hizi nitaziita kozi zenye lango. Ukilipita mapema umepita. Ukitaka kulirudia ukiwa na miaka 30, unaanza upya kabisa.

Kozi nyingine hazina lango. Sosiolojia, uchumi, historia, sayansi ya siasa, utawala, mawasiliano ya umma, maendeleo ya jamii: waliosoma hizi utawakuta benki, halmashauri, kwenye bima, kwenye mashirika, kwenye biashara zao. Mwajiri anaangalia kwamba una shahada, kisha anaangalia unachoweza kufanya. Uhasibu umesimama katikati: mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ya kufikia CPA (cheti cha juu cha uhasibu) iko wazi hata kwa mwenye shahada nyingine, ila ataanzia ngazi ya chini.

Kwa hiyo ukisita kati ya ufamasia na uchumi, sita kwa makini. Ukisita kati ya sosiolojia na maendeleo ya jamii, lala usingizi. Mwaka wa tatu hakuna atakayewatofautisha.

Sina ninachokipenda. Nifanyeje?

Umekaa bweni miaka mingi. Kazi ulizoziona kwa karibu ni za mwalimu, nesi, polisi na mwenye duka. Kutopenda kitu usichokiona si kasoro.

Badala ya kutafuta mapenzi, tafuta habari. Uliza mtu wa kazi fulani hufanya nini Jumanne saa nne asubuhi. Mpima ardhi yuko porini na vyombo vyake, juani. Mfamasia wa hospitali anahesabu dawa na kujaza mfumo. Wakili, ambaye kwenye tamthilia anahutubia mahakama, anasoma mafaili na kungoja kwenye benchi la korido kesi iitwe, kisha iahirishwe. Kama Jumanne hiyo unaweza kuivumilia, endelea kuulizia.

Na uwaulize walioajiriwa miaka miwili au mitatu iliyopita, kabla ya wakuu wa idara. Wakubwa hukueleza heshima ya kazi. Wadogo hukueleza zamu za usiku, malipo yanayochelewa, na kile ambacho chuo hakikuwafundisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

## Nyumbani

Baba anataka niwe daktari, mimi sitaki. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Usianze na "sitaki". Anza na kile anachokihofia. Mzazi aliyekua wakati mhitimu anapangiwa kituo na serikali mara tu anapomaliza, anaposema "daktari" mara nyingi anamaanisha "mwanangu asirudi nyumbani na bahasha ya vyeti". Hofu ya namna hiyo haiondolewi na hisia zako. Inaondolewa na mpango.

Andika mpango huo kwenye karatasi. Jina la kozi, vyuo vinavyoitoa, sifa zake na kama unazo, ada kwa mwaka, uwezekano wa mkopo, watu wanne waliosoma kozi hiyo na wanachokifanya sasa, na utakachofanya ukikaa mwaka mzima bila ajira. Hilo la mwisho usiliruke. Mzazi akiona umelifikiria, nusu ya ubishi inaisha. Hapo ndipo unaweza, kwa upole, kumkumbusha kwamba udaktari nao ni miaka mitano na mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na kwamba siku hizi wapo madaktari waliosajiliwa wanaosubiri ajira mtaani.

Usiende peke yako ikiwa nyumba yenu haina desturi hiyo. Mshenga si wa ndoa tu. Tafuta mtu ambaye baba humsikiliza: mama, shangazi, baba mkubwa, mwalimu wako, shekhe au mchungaji. Kosa linalorudiwa ni kumtuma anayekubaliana na wewe badala ya anayesikilizwa na baba. Na chagueni siku. Jioni ya matokeo, sebule imejaa wageni wa kupongeza, si wakati wake.

Maneno yanaweza kuwa haya: "Baba, nimekusikia, na naona unachonitakia. Nimeandika nilichokifikiria. Naomba ukipitie uniambie wapi pana kasoro." Aliyeombwa kusahihisha mpango ameshaanza kuushika mkononi.

Akikataa bado? Angalia kwanza kama pointi zako zinatosha, maana mara nyingine fizikia imeshamaliza ugomvi wenu. Zikitosha na yeye ndiye mlipaji, soma swali linalofuata. Jambo moja tu usilifanye: kuingia udaktari ukiwa umepanga kufeli ili akome. Atakayedisko, yaani kuondolewa chuoni, ni wewe, na deni la mkopo litabaki kwa jina lako.

Anayenilipia ada ndiye anayechagua kozi. Je, nina sauti?

Unayo, lakini ukubwa wake unategemea hesabu. Jueni kwanza nani analipa nini. Ukipata mkopo wa Bodi ya Mikopo unaofunika sehemu kubwa ya ada na fedha za kujikimu, basi mfadhili mkuu wa masomo yako ni wewe wa baadaye, na ni mshahara wako utakaokatwa. Hiyo ni hoja halali, na inaweza kusemwa na mtu aliyeketi vizuri na kushusha sauti.

Mjomba akilipa kila kitu, hali ni nyingine. Kutaka fedha ya mtu na kumnyima neno ni kazi ngumu. Mpelekee kozi tatu ambazo wewe unaziweza, umwombe achague au ashauri kati ya hizo. Wajomba wengi hawang'ang'anii kozi fulani. Wanang'ang'ania kutoonekana wamechezewa.

Nilikuwa kambini JKT, kaka akanijazia maombi. Nimechaguliwa kozi nisiyoijua.

Hili hutokea kila mwaka. Vijana wa mujibu wa sheria wako kambini, simu hazipo mikononi, huku matokeo yanatoka na dirisha linafunguka. Anayejaza ni kaka, au kijana wa stesheneri aliyeambiwa "weka zenye nafasi". Watu wanazungumzia shinikizo la wazazi; la mtu wa stesheneri halizungumzwi, na ameshaamua maisha ya wengi kwa kubofya.

Kama hujaondoka bado: andika kwa mkono kozi tano kwa mpangilio, kila moja na chuo chake. Acha namba yako ya mtihani. Hakikisha namba ya simu itakayotumika kwenye maombi iko kwa mtu unayemwamini na ambaye hataibadili, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha udahili utaingia huko.

Kama limeshatokea na awamu za udahili hazijaisha, wasiliana na ofisi ya udahili ya chuo mara moja na uulize kuhusu kubadili au kufuta udahili huo. Kama masomo yameanza, nenda kwenye swali la kuhama, chini.

Mimi ni mzazi. Ina maana nisimshauri mwanangu?

Mshauri. Mzazi akikaa kimya kabisa, kijana hujaza ukimya huo kwa kubahatisha unachokitaka, na mara nyingi hubahatisha vibaya.

Kinachosaidia zaidi ni ukweli wa fedha. Mwambie kiasi kilichopo kwa mwaka, kwa tarakimu, na wadogo zake wanategemea nini kwake na lini. Mtoto wa kwanza aliyeachiwa kukisia hudhani anatakiwa kuinua ukoo mzima akiwa na miaka 23. Ukimwambia kwamba unamtarajia amlipie mdogo wake ada ya sekondari kwa miaka miwili, mzigo umekuwa na mwisho.

"Nimeuza shamba kwa ajili yako" inaweza kuwa kweli tupu. Ikisemwa mara moja ni taarifa, ikisemwa kila wiki ni fimbo. Na mtoto wa jirani anayesomea udaktari Muhimbili mwache aendelee na masomo yake.

## Kombi na pointi

Nilisoma PCB (fizikia, kemia, biolojia). Nisipokwenda udaktari si nimepoteza miaka miwili?

PCB ina milango mingi kuliko inavyosemwa. Ufamasia, uuguzi, maabara, afya ya mazingira, kilimo, sayansi ya chakula, ufugaji wa samaki, misitu, ualimu wa sayansi. Udaktari wa mifugo uko SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, na sijui kwa nini vijana huuona kama udaktari wa waliokosa, wakati nchi hii ina mamilioni ya ng'ombe. Ukipekua mwongozo utakuta hata baadhi ya shahada za sheria na biashara hupokea mwenye alama za sayansi.

Ambako utakwama ni uhandisi: nyingi zinadai hisabati ya juu, na ile ya ziada uliyosoma haitoshi. Hapo bora ujue mapema kuliko kulipia maombi ya bure.

Nilisoma HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza), wananiambia nimejimaliza.

Umefungiwa kozi za afya na uhandisi, hilo ni kweli. Nyingi zisizo na lango ziko wazi kwako, na sheria ambayo ina lango iko wazi pia. Wanaosema "umejimaliza" wanazungumzia ajira ya serikali peke yake. Soma swali la ajira. Kwa wadogo zako: tangu 2024 tahasusi (kombi) za kidato cha tano zimeongezwa sana, kwa hiyo wasichague kwa kufuata orodha ya enzi zako.

Nina divisheni wani ya pointi tatu (A zote tatu). Nikienda ualimu si nitakuwa nimezitupa alama?

Alama hazina pa kutumika baada ya kudahiliwa. Ukishaingia, hakuna atakayekurudishia chenji. Faida ya ziada iliyo wazi ni ufadhili wa Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa ajili ya waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi. Kama unastahili, omba, na soma ni kozi zipi zinakubalika.

Ualimu wa fizikia ukifanywa na aliyepata A ya fizikia ni jambo zuri kuliko tulivyozoea. Ila jikague kama unauchagua kwa sababu unautaka, au kwa sababu miaka mitatu inaonekana mifupi na kozi ndefu inakutisha.

Pointi zangu hazitoshi kozi niliyoitaka. Nichukue yoyote ili mradi niingie chuo?

"Yoyote" ndilo chaguo ghali kuliko yote kwenye ukurasa huu. Unalipia miaka mitatu na deni, kisha unarudi ulipokuwa, safari hii ukiwa na miaka 23.

Kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa aliyemaliza kidato cha sita ni ufaulu mkuu (principal pass) katika masomo mawili yanayohusu kozi hiyo, wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo kwa hesabu hii ya udahili, tofauti na ya divisheni, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kozi zenye ushindani hudai zaidi. Ukikosa, njia zinazoheshimika ni hizi. Stashahada ya fani hiyohiyo, kwa mfano utabibu, uuguzi au ufundi wa umeme, kisha shahada. Kiwango cha chini cha kuunganisha kutoka stashahada ni GPA (wastani wa alama) ya 3.0, na tangu 2023/2024 baadhi ya stashahada zina mkopo. Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Programu ya maandalizi ya Chuo Kikuu Huria.

Kikwazo kikubwa cha njia hizi ni aibu. Majirani wanauliza "bado yuko nyumbani?" na mama anakosa la kujibu. Lakini tabibu mwenye stashahada anayefanya kazi zahanati akiwa anajiandaa kwa shahada ana ujuzi na kipato mkononi. Mwenye shahada ya "yoyote" mara nyingi ana kimoja tu, na hata hicho hana uhakika nacho.

## Mkopo, ajira na jina la chuo

Nichague kozi kwa sababu ina mkopo?

Itumie kama kigezo cha pili. Bodi ya Mikopo ina kozi za kipaumbele, zikiwemo za afya, uhandisi na ualimu wa sayansi, lakini inaangalia pia uhitaji wa mwombaji. Kozi ya kipaumbele haikuhakikishii asilimia zote, na kozi nyingine haimaanishi utakosa kabisa.

Kinachowaangusha wengi ni nyaraka. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, au na mamlaka ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko, na foleni ya mwisho ya uhakiki si mahali pa kujikuta. Hiyo ni kazi ya Mei na Juni, kabla matokeo hayajatoka. Ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe; chukua mshahara wa kuanzia wa kazi unayoifikiria, upunguze kwa kiasi hicho, ndipo useme kozi "inalipa".

Kozi gani ina ajira?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kila anayelijibu kwa orodha anakupa orodha ya walioajiriwa jana.

Chukua ualimu. Katikati ya miaka ya 2000 shule za kata zilijengwa kwa kasi na walimu hawakutosha, hadi vijana waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo mafupi na kuingizwa darasani. Mtaani wakaitwa Vodafasta. Vyuo vya ualimu vya DUCE na Mkwawa vikaanzishwa 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) 2007, mikopo ikaelekezwa huko. Aliyechagua ualimu wakati huo alikuwa amefanya hesabu sahihi: kozi ya miaka mitatu, mkopo, na kituo cha kazi kinachokungoja. Walioifuata hesabu hiyohiyo miaka kumi baadaye walikuta foleni. Mwanzoni mwa 2025 walimu walioomba usaili walizidi laki mbili kwa nafasi zisizofika 15,000. Shule zenyewe bado zina upungufu wa walimu, jambo ambalo ndilo linalouma.

Au gesi. Mtwara ilipowaka moto wa habari za gesi ya baharini, kuanzia 2010 na kuendelea, vijana walikimbilia kozi za mafuta na gesi. Mradi mkubwa wa LNG (gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika) wa Lindi ukabaki kwenye meza ya majadiliano mwaka baada ya mwaka, na wahitimu wakatoka kabla ya mradi.

Kati ya kuchagua na kuhitimu kuna miaka mitatu hadi sita. Hakuna anayeweza kukuahidi soko la siku hiyo, si mimi, si mtu wa semina ya "kozi kumi zenye pesa". Maswali yanayojibika ni mengine. Mbali na serikali, ni nani huajiri watu hawa, na wako wilaya ngapi? Mhitimu anaweza kuuza huduma gani kwa mtu binafsi bila kungoja kuajiriwa? Fildi hufanyika wapi, na je, kuna mwanafunzi aliyewahi kubakizwa pale alipofanya fildi? Kozi ikijibiwa vizuri mawili kati ya matatu, inatosha kuendelea nayo.

Nitangulize chuo au kozi?

Kwa kozi zenye lango, tanguliza ithibati: chuo kitambuliwe na TCU na kozi yenyewe itambuliwe na chombo cha fani. Kwa nyingine, tanguliza kozi, kisha gharama za mji. Chumba cha Dar si chumba cha Iringa. Jina la Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), lina uzito wake, lakini usiingie kozi usiyoiweza ili tu uandike UDSM kwenye wasifu.

## Majina yakishatoka

Nimechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja. Nifanye nini?

Thibitisha kimoja kwa msimbo utakaotumiwa kwenye simu, ndani ya muda uliotangazwa. Usipothibitisha unaweza kupoteza vyote. Kuthibitisha "alikothibitisha rafiki yangu" ni sababu nzuri ya kuchagua chumba cha hosteli, siyo chuo.

Nimeanza mwaka wa kwanza na naona si mahali pangu. Nihame?

Tenganisha mambo matatu yanayofanana sana mwezi wa pili: ugeni, ugumu na kutopatana na kozi. Ugeni huisha wenyewe. Ugumu unatibika kwa kundi la kusomea na mwalimu anayekubali kuulizwa. Ukiwa unayaelewa masomo, unafaulu majaribio, na bado unatamani kukaa kwenye darasa la wengine, hapo una sababu.

Kuhama kozi au chuo kuna dirisha fupi mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Lazima uwe na sifa za kozi unayohamia, na iwe na nafasi. Kabla ya kusaini chochote, pita dawati la mikopo la chuo uulize kiasi chako kitakuwaje, maana kuna waliohama wakagundua bumu (fedha ya kujikimu) limebaki walikotoka. Dirisha likipita, utaratibu wa kawaida ni kuomba upya mwaka unaofuata na kuanza mwaka wa kwanza.

Nipo mwaka wa tatu udaktari na sitaki tena.

Mwaka wa tatu ndio wengi huanza kuchoka kweli, kwa hiyo usiamue katikati ya mitihani. Chuo kinaweza kukuruhusu kuahirisha masomo kwa sababu ya msingi. Ulizia kwa mlezi wa wanafunzi kabla ya kuacha.

Kisha piga hesabu. Imebaki miaka miwili na mafunzo kwa vitendo, na mwenye shahada hiyo halazimiki kukaa wodini: kuna afya ya jamii, utafiti, bima, usimamizi wa hospitali. Rais Hussein Mwinyi wa Zanzibar ni daktari wa binadamu. Lakini kama kila asubuhi ni mateso na afya yako inaporomoka, miaka mitatu iliyopita si sababu ya kuongeza mingine mitatu.

Nimehitimu na nafanya kazi isiyohusiana na kozi yangu. Nilikosea?

Kama kozi yako haikuwa na lango, ndivyo ilivyotengenezwa. Endelea na kazi.

## Hali za pekee

Mimi ni msichana. Ndugu wanasema uhandisi utanichelewesha kuolewa.

Uhandisi ni miaka minne, ualimu mitatu. Wanazungumzia mwaka mmoja.

Kilicho cha kweli na hakisemwi ni mazingira ya saiti: vyoo, usafiri wa usiku, mafundi wanaokataa maelekezo ya binti. Mtafute mhandisi mwanamke, hata kupitia ofisi ya TANROADS (wakala wa barabara) au mamlaka ya maji ya mkoa wako, umuulize anavyoyakabili. Ndugu wakimsikia yeye, hoja ya ndoa hupungua nguvu, hasa akija na mumewe.

Silali, sili, na mara nyingine nawaza ni bora nife kuliko kumwangusha mama.

Kozi iwekwe pembeni kwanza. Mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno hayohayo uliyoandika, na umwombe asikuache peke yako. Kama uko chuoni, nenda ofisi ya mlezi wa wanafunzi au zahanati ya chuo. Kama uko nyumbani, nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa na useme unahitaji huduma ya afya ya akili. Aliye chini ya miaka 18 anaweza kupiga 116 bure. Maombi ya chuo yana awamu nyingine na mwaka mwingine.

Nipo Kenya. Haya yananihusu?

Ya nyumbani, yote. Ya utaratibu, hapana: huko unapangiwa na KUCCPS, chombo cha udahili wa vyuo, kwa alama za KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) na pointi za klasta (za masomo yanayohusu kozi), na tahasusi za kidato cha tano hazipo. Ukiwekwa kozi usiyoitaka, KUCCPS huwa na dirisha la kuhamia chuo au kozi nyingine, nalo ni fupi kama la kwetu; angalia tangazo la mwaka wako na uwe na pointi za klasta za kozi unayoitaka kabla ya kulipia.